Taa moja ya Matter, programu mbili

Kama taa yako ina nembo ya Matter (kiwango cha pamoja kinachowezesha vifaa janja vya nyumbani vya kampuni mbalimbali kufanya kazi pamoja) na tayari iko kwenye programu ya Google Home, kisha unataka ionekane pia kwenye Apple Home, usiifute na kuanza upya. Wala msimbo ulioandikwa kwenye boksi hautakusaidia, huo ni wa mara ya kwanza tu. Fungua programu ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya taa hiyo, tafuta sehemu ya kuiunganisha na programu nyingine za Matter. Utapewa msimbo mpya wa tarakimu 11. Unakili, uingize kwenye programu ya pili. Usikawie, kwa sababu nafasi hiyo hujifunga yenyewe, haivuki dakika 15.

Inawezekana kwa sababu Matter, iliyotoka 2022, inakitaka kila kifaa kiweze kutii wasimamizi, yaani mifumo kama Google Home na Apple Home, wasiopungua 5 kwa pamoja, kila mmoja na funguo zake. Ukikirudisha kwenye hali ya kiwandani, unawafukuza wote.

Kuunganisha kutagoma simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, na hapo ndipo wengi hukwama. Taa inayotumia Thread (mtandao usiotumia waya wa vifaa vidogo, si Wi-Fi) nayo inahitaji ruta ya Thread ambayo programu ya pili inaitambua. Zile za zamani za Zigbee, mtandao mwingine wa vifaa vya nyumbani, hazimo, labda kitovu chao (kifaa kinachoziunganisha) kiwe kinazipitisha kwenye Matter. Tena majina na ratiba havihamii: ratiba ziweke kwenye programu moja tu, la sivyo moja itazima taa na nyingine itaiwasha.