Kabla ya kukata kipande, laza bodi ya kifaru juu ya kioo

Ukifungua boksi la modeli ya plastiki ya kifaru cha vita, ile ya kuunganisha vipande, acha mkasi kwanza. Chukua bodi ya chini (ile inayobeba magurudumu), igeuze mdomo chini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kisha bonyeza pembe moja moja. Ikitikisika kama meza ya kibanda cha chai, imejipinda. Usitumie meza yenyewe, mbao huwa na mabonde usiyoyaona, kioo hakidanganyi. Mimi nilijifunza baada ya boksi langu kushinda juani kwenye keria ya matatu, Nakuru hadi Kisumu.

Mbona ujisumbue? Sherman, kifaru cha Marekani cha Vita vya Pili vya Dunia, kwa mfano, ina magurudumu 6 ya chini kila upande. Kwa kipimo cha 1/35 (modeli ni ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi), bodi ikipinda milimita moja tu, gurudumu moja linabaki hewani, na hapo hakuna rangi wala tope la kuficha aibu. Ukigundua mapema, ichovye kwenye maji ya moto yasiyochemka (plastiki hii hulegea ikikaribia nyuzi 100), inyooshe taratibu juu ya kioo kilekile, halafu maji baridi.

Njia hii haisaidii bodi ikija kwa vipande bapa vya kuunganisha; hapo pima ukishaviunga bila gundi. Pia kuna bodi ambazo kingo zake kwa asili hazilingani, kwa hiyo tazama mchoro wa maelekezo kwanza usije ukanyoosha kilichonyooka. Nimewahi.