Kuwapeleka watoto wa awali mwambani maji yakikupwa

Mwongozo huu ni wa mwalimu au mzazi mwenye watoto wa miaka 4 hadi 7 anayetaka wawajue viumbe wa baharini kwa kuwaona majumbani mwao, si kwenye bango la ukutani tu. Mifano ni ya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Jambiani na Paje. Ukiwa Kunduchi au Watamu, kanuni za maji ni zilezile. Angalia tu jedwali la bandari ya karibu nawe.

Hatua ya 1: Tafuta siku na saa

Safari nyingi huharibikia hapa, kwa hiyo hatua hii isome mara mbili.

Siku zinazofaa ni za bamvua, maji yanapokupwa sana. Njia nyepesi ya kuzikisia ni tarehe za mwezi wa Kiislamu: mwezi mosi hadi tatu, na mwezi kumi na tano hadi kumi na saba. Mwezi nane au ishirini na mbili ni maji mafu. Bahari hupungua kidogo tu, mwamba haukauki, na utabaki ufukweni na watoto ishirini wasio na cha kutazama.

Ukishapata siku, fungua jedwali la maji kupwa na kujaa uangalie kimo cha maji yakiwa yamekupwa. Chini ya mita 0.5 ni pazuri. Ikizidi mita 1, ahirisha, hata kama gari limeshalipiwa.

Saa ndiyo mtego wenyewe. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu na saa kumi. Jedwali litaandika 10:15. Mtu akilisoma haraka akawaambia wazazi "saa kumi na robo", watoto wataletwa jioni bahari ikiwa imefurika hadi kwenye minazi. Andika kwenye barua ya wazazi "saa nne na robo asubuhi", kwa maneno, bila tarakimu. Hakikisha pia jedwali linatumia saa za Afrika Mashariki. Yapo yanayotumia saa za Greenwich, nayo yako nyuma kwa saa tatu.

Kila siku inayofuata, maji huchelewa kama dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo mwezi kumi na saba maji yatakupwa karibu na saa tano na nusu, jua likiwa kali. Kwa watoto wadogo chagua mwezi kumi na tano au kumi na sita.

Sasa kosa lenye hatari kuliko yote: kuingia maji yakiwa yameshakupwa kabisa. Ingia dakika 75 kabla ya hapo, mkiyafuata maji yanavyorudi nyuma, na saa ya kukupwa iwakute mmeshageuka kurudi. Usidanganywe na utulivu wa dakika 20 za mwanzo maji yanapoanza kujaa. Saa ya tatu na ya nne ndipo hupanda kwa kasi. Tena hayaji kutoka mbele unakotazama. Huingia kwanza kwenye bonde lililo kati ya ufuo na mwamba, nyuma yenu. Mtu mzima atavuka yakiwa magotini. Mtoto wa miaka mitano yatamfika kifuani. Kwa hiyo usivuke bonde lolote na watoto, hata likiwa kavu. Vidimbwi vilivyo ndani ya hatua 200 kutoka ufukweni vina wanyama wa kutosha.

Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, upepo huchafua uso wa maji. Bado panafaa, ila utalihitaji zaidi dumu la hatua ya 3.

Hatua ya 2: Nenda peke yako

Bamvua iliyotangulia, pita njia yote. Muone sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na kamati ya wavuvi, uulize kama kuna sehemu iliyofungwa na mashamba ya mwani yamefika wapi. Kamba ya mwani ikikanyagwa ni jasho la mtu.

Hatua ya 3: Vifaa

Sahau miwani ya kuogelea. Watoto watagombania, mipira itakatika, nusu saa imekwisha. Tengeneza dumu la kutazamia, moja kwa kila watoto wawili. Chukua ndoo ndogo ya plastiki ya lita 4 au 5 yenye mkono. Kata kitako chake, ukiacha ukingo wa sentimita 2. Tandaza juu yake nailoni ngumu inayoangaza, ile ya kufunikia madaftari, na ifungwe ubavuni kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, uzungushwe mara tatu na kuvutwa. Uzi haufai, hulegea ukilowa.

Mtoto huingiza kitako majini sentimita 5 hivi na kutazama kwa juu. Mng'aro na viwimbi hupotea, na kwa kuwa maji husukuma nailoni ibinuke ndani, kila kitu huonekana kikubwa kidogo. Ukiiingiza ikiwa bapa, hewa hunasa chini na mtoto ataona povu tu. Iingie kwa upande kisha inyooshwe. Isiwekwe mchangani, nailoni itakwaruzika.

Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye soli ngumu. Champali hazifai kabisa. Mtu mzima mmoja kwa watoto watatu au wanne, filimbi moja, kofia, maji ya kunywa.

Hatua ya 4: Darasani, siku moja kabla

Tandika kanga nne sakafuni: mchanga, majani ya bahari, mwamba, mikoko. Hizo ndizo nyumba. Chora au kata picha za wanyama sita, wasizidi: kasa, pweza, kiti cha pweza (yule mwenye umbo la nyota), jongoo bahari, samaki tasi, kaa koko. Kila mtoto ampeleke mnyama nyumbani kwake na aseme kwa nini. Pweza hujificha kwenye tundu la mwamba. Jongoo bahari hula uchafu uliomo mchangani. Kaa koko huchimba shimo kwenye tope la mikoko. Wataanza kubishana kuhusu kasa, maana hula majani ya bahari lakini hutaga mchangani. Waache wabishane, kwamba mnyama mmoja anahitaji nyumba mbili ndilo jambo gumu kuliko yote katika somo hili, na wakilifikia wenyewe halitatoka.

Hatua ya 5: Mwambani

Dakika 40 zinatosha. Kidimbwi kimoja kwa kila kikundi, kitazamwe kimya kwanza.

Mikono mgongoni mpaka mtu mzima aruhusu. Visivyoguswa kabisa: viumbe wenye miiba mirefu myeusi, yavuyavu (yule laini anayeelea majini na kuwasha), na kombe lenye umbo la koni, hata likiwa zuri namna gani, kwa sababu konokono wake huchoma kwa sumu. Samaki jiwe hatambuliki, kwa hiyo mtu mzima atangulie na fimbo. Mtoto akichomwa na samaki, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri mtu mzima anavyoweza kuyavumilia kwa mkono wake, kisha hospitali bila kusubiri. Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto iwepo.

Jiwe likifunuliwa, lirudishwe vilevile, upande wa chini ukiwa chini. Wanaoishi chini yake hufa juani.

Bakuli jeupe la kuwekea mnyama silipendi, lakini ukilazimika: maji ya kidimbwi kilekile, mnyama mmoja, dakika tatu, kisha arudi pale pale alipotoka. Maji machache juani hupata moto upesi sana.

Hatua ya 6: Uhifadhi kwa vifuniko vya chupa

Usianze na hotuba. Baadhi ya watoto hao mama zao wanachokoa pweza, na mtoto asirudi nyumbani akamwambia mama yake ni mkosaji. Cheza mchezo huu: weka vifuniko 24 kwenye sinia, hao ni pweza. Wavuvi sita. Zamu ya kwanza kila mmoja achukue watatu, wanabaki 6. Kila aliyebaki ongeza mwenzake, wawe 12. Zamu ya pili kila mmoja achukue wawili. Sinia tupu.

Anza upya, mara hii funika nusu ya sinia kwa kanga. Upande ulio wazi, kila mmoja achukue wawili, umekwisha. Waliofunikwa 12 wanakuwa 24. Zamu inayofuata hakuna anayevua. Watalalamika, nawe usiharakishe, maana hata wavuvi wa kweli hulalamika. Sasa ni 48. Fungua: kila mmoja achukue wanne, wanabaki 24, wanarudi kuwa 48. Zamu zote zitakazofuata kuna wanne kwa kila mtu.

Uwaambie kwamba vipo vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga mwamba miezi mitatu namna hii. Kwa kweli pweza katika muda huo hunenepa zaidi kuliko kuongezeka, lakini mtoto wa miaka mitano huelewa idadi kabla ya kilo. Kunde zisitumike badala ya vifuniko, zitaishia puani.

Kwa taka, tia karatasi laini ya plastiki ya mkate kwenye ndoo ya maji na uitikise. Waulize kasa atadhani ni nini. Watasema yavuyavu kabla hujamaliza swali. Mfuko wa plastiki usiutafute. Zanzibar imeupiga marufuku tangu 2006 na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019.

Hatua ya 7: Kesho yake

Wachore. Usiangalie uzuri, angalia mnyama amewekwa wapi. Kaa koko akielea katikati ya bahari, tandika tena kanga za hatua ya 4. Madumu yasuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na yakaushwe kivulini. Juani nailoni hupasuka kabla ya bamvua ijayo.