Kucheza PS2 na gemu za kaseti kwenye flati: anza na waya, konvata baadaye

PS2 inayoonyesha picha ya ukungu kwenye TV ya inchi 50 mara nyingi haina ubovu wowote. Ichomeke kwenye TV ya chogo uone: rangi zimekolea, mpira unakwenda pale pale kidole kinapobonyeza. Shida iko kwenye flati. Imetengenezwa kuonyesha picha ya mistari 1080 au 2160, nawe unailisha mistari 480 au 576, tena kwa mafungu mawili: ya witiri kwanza, kisha ya shufwa. Gemu za kaseti, na nyingi za PlayStation ya kwanza, hutoa mistari 240 tu au karibu na hapo. TV inabaki kukisia kilichokosekana, na kukisia huko kunakula muda na kuchafua picha.

Fuata mpangilio huu kabla hujakimbilia dukani. Hatua za mwanzo ni za bure au karibu na bure, na wengi wanaonijia hawahitaji kufika mwisho.

Hatua ya 1: Soma namba na umeme

Geuza mashine uangalie kibandiko. Kwenye PS2, tarakimu ya mwisho ya namba ya SCPH ndiyo inayokuambia ilikotoka: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Za Uingereza na Ulaya hazina neno, umeme wao ni kama wetu. PS2 nene ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230, pawasapulai inaungua papo hapo. Hiyo itafutie transfoma ya kushusha umeme.

Mwenye Sega Mega Drive awe mwangalifu zaidi na zile adapta za vichwa vingi. Mega Drive ya kwanza hutumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Ya pili hutumia volti 10, na chanya ndiyo iko katikati. Usibahatishe, soma mchoro wa + na − uliopo kwenye adapta na kwenye mashine.

Hatua ya 2: Tafuta AV ilikojificha

Flati nyingi za sasa hazina yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu yaliyojipanga. Angalia mambo mawili. Kwanza, tundu la kijani lililoandikwa "Y/Video": hilo linapokea hata waya wa njano. Pili, katundu kadogo ka duara kama ka hedifoni, kameandikwa "AV IN". Hako kanahitaji waya mfupi wenye pini nyembamba upande mmoja na matundu matatu upande wa pili.

Hapo kwenye waya mfupi ndipo watu wanapopotea. Nyaya hizo zinafanana kwa macho, lakini ndani kila kiwanda kimeunganisha kivyake. Ukipata sauti bila picha, au picha inatokea na spika moja inaunguruma, usitupe kitu. Chomeka plagi ya njano kwenye tundu jekundu, kisha jaribu kwenye jeupe. Picha ikitokea safi, mpangilio wa waya wako ni tofauti tu; panga hizo nyingine mbili kwenye matundu yaliyobaki, uendelee kucheza. Isipotokea popote, huo waya si wa TV yako.

Vigemu vya kaseti vilivyoigizwa kutoka Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, vile vya kuchomeka kwenye antena, vingi vina tundu la AV pia ubavuni. Tumia hilo. Kama ni antena tu, ingia kwenye kutafuta chaneli na uchague za analojia, "ATV". Ukitafuta za kidijitali utakesha.

Hatua ya 3: Izuie TV isijitie ujuzi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na haina gharama. TV ya chogo huchora picha kadiri mawimbi yanavyoingia. Flati huipokea kwanza, huisafisha, huikuza, ndipo inaionyesha. Kwenye gemu ya picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa takriban milisekunde 17. TV isiyowekwa sawa inaweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 100, yaani picha sita nzima. Umebonyeza shuti, beki ameshakunyang'anya mpira.

Ukiwa kwenye chaneli ile ile ya AV, fungua menyu ya picha na uwashe "Game Mode". Kisha zima chochote kinachohusu kulainisha mwendo na kupunguza chenga. Ukali wa picha, "Sharpness", ushushe. Ukiwa juu unazungushia kila herufi kivuli cheupe. Mwisho weka umbo la picha 4:3. Najua mistari myeusi pembeni inawaudhi watu, lakini mchezaji aliyevutwa hadi kuwa mnene kama pipa ananiudhi mimi zaidi.

TV nyingi huhifadhi mipangilio hii kwa kila tundu peke yake. Ukihamia HDMI, rudia.

Hatua ya 4: Nunua waya wa komponenti

Kama una PS2 na TV yako ina matundu ya kijani, bluu na nyekundu, fedha yako ya kwanza iende hapa. Waya wa njano unabana mwanga na rangi zote pamoja; komponenti unavitenganisha, na tofauti unaiona kwenye maandishi madogo na kwenye nyasi za uwanja.

Washa PS2 bila diski, ingia "System Configuration", halafu "Component Video Out", uchague "Y Cb/Pb Cr/Pr". Ukiiacha kwenye "RGB" utaona picha ya kijani kibichi ukadhani waya ni feki. Gemu kadhaa pia zinaweza kutoa mistari 480 yote kwa pamoja. Gran Turismo 4 ya Marekani ina chaguo hilo ndani ya menyu yake. Usiliwashe ukiwa bado na waya wa njano, maana kioo kitabaki cheusi.

Diski za PlayStation ya kwanza zina kasoro yake hapa: flati nyingine hazikubali mistari 240 kupitia komponenti, zinaandika hakuna mawimbi. Kwa diski hizo rudi kwenye waya wa njano.

Hatua ya 5: Konvata, kama TV ina HDMI pekee

Vile viboksi vidogo vya AV kwenda HDMI vinafanya kazi, ila usivitarajie makubwa. Vingi huvuta picha ijae kioo kizima, na mistari 240 huichukulia kama ile ya mafungu mawili, ndiyo maana kivuli au mhusika anayemetameta hupotea kabisa. Kipe umeme wa volti 5 kutoka kwenye chaja, kwani tundu la USB la TV mara nyingine halitoshi na picha hukatika. Kwa PS2, afadhali kidude kinachochomekwa nyuma ya mashine na kusoma komponenti. Weka mpangilio ule ule wa Hatua ya 4.

Anayetaka kilicho bora, kuna viboksi vya konvata viitwavyo OSSC na RetroTINK. Vimebuniwa kwa mashine hizi, vinaitambua mistari 240 na ucheleweshaji wake ni mdogo sana. Bei yake lakini inanunua PS2 kadhaa za mtumba, kwa hiyo mwenye mashine moja ya kujikumbushia zamani simshauri.

Bunduki

Hii haina hatua. Bunduki ya kupigia bata kwenye gemu za kaseti inategemea TV ya chogo. Ukivuta kifyatuo, kioo hugeuka cheusi, kisha boksi jeupe hutokea alipo bata, na jicho la bunduki linatakiwa kuliona boksi hilo wakati ule ule. Flati inachelewa, kwa hiyo kila risasi inahesabiwa imekosa. Konvata haibadilishi hilo, hata ya bei gani. Ukibahatika kupata TV ya chogo inayowaka, ichukue, ila usiifungue mgongo mwenyewe: umeme mkali hubaki kwenye kioo chake hata baada ya kuichomoa.