Mbwa Akikung'ata, Wagonjwa ni Wawili

Mimi ni daktari wa mifugo, na simu inayoniudhi kuliko zote huanza hivi: "Daktari, mbwa alimng'ata mtoto juzi, tumeshamuua na kumtupa, sasa tufanyeje?" Rungu moja limeharibu kazi ya watu wawili. Mimi sina mbwa wa kumtazama, na muuguzi wa chumba cha sindano hana habari za kumsaidia kuamua. Mbwa anapong'ata mtu, wagonjwa ni wawili, kila mmoja ana daktari wake, na hao madaktari inabidi wazungumze. Wewe uliyeng'atwa, au mzazi wa aliyeng'atwa, ndiye unayewaunganisha.

Ninachokiogopa ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa, huingia mwilini kupitia jeraha, kisha hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Hupanda kwa mwendo wa kinyonga, na hapo ndipo penye nafasi yetu. Kwa kawaida dalili huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kujitokeza, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja tu au kukawia hadi mwaka. Zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kabla hazijajitokeza, anayetibiwa vizuri na mapema karibu kila mara huokoka. Kwa binadamu, hadi visa 99 katika kila 100 hutokana na mbwa, kwa hiyo nitamzungumzia zaidi mbwa, na wengine nitawagusa huko mbele.

Kwanza maji

Kabla ya kumsaka mbwa, kabla ya kwenda kugombana na mwenye mbwa, kabla hata ya kunipigia mimi, osha kidonda. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Watu wakiambiwa dakika 15 huitikia "sawa, daktari", halafu wanaosha mbili na kujifuta. Weka saa mbele yako. Kama hakuna bomba, mmoja amimine maji kutoka juu kwa jagi au kopo na mwingine aoshe. Usitumbukize mkono au mguu kwenye beseni, maana utakuwa unakirudishia kidonda mate yale yale uliyoyatoa.

Sabuni yoyote inafaa: ya kipande, ya unga, ya maji. Virusi hivi vimefunikwa na utando wa mafuta na sabuni huuvunja, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta sabuni maalumu yenye harufu ya hospitali. Kazi ngumu ni tundu la jino. Kwa juu linaonekana kama alama ya sindano, lakini ndani limezama. Livute kidogo kwa vidole pande zote mbili, acha maji yaingie, povu litoke, rudia. Litauma na damu itachuruzika, iache. Mtoto atapiga kelele. Mtu mzima mmoja ampakate na kumshika vizuri, mwingine aendelee kuosha. Mate yakiwa yameingia machoni au mdomoni, suuza kwa maji safi mengi bila sabuni.

Ukimaliza, paka iodini au spiriti kama unayo. Majivu, pilipili, mafuta ya taa na utomvu wa mimea viache mahali vilipo. Vinaunguza nyama, havioshi chochote, na muuguzi atalazimika kuanza kwa kuviondoa. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, uondoke. Ukifika usishangae wakikataa kushona. Kidonda cha kung'atwa huachwa wazi kwa muda, na ikilazimu kushonwa, hushonwa baada ya dawa nitakayoieleza hapa chini kuwekwa ndani yake.

Utakayoulizwa na daktari wa watu

Piga simu kwanza uulize kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, maana si kila kituo kinayo. Ikiwa haipo, waombe wakuelekeze ilipo, uende siku hiyo hiyo. Ukiwa njiani, panga majibu kichwani: aling'atwa lini, sehemu gani ya mwili, damu ilitoka au hapana, mbwa ni wa nani, ana kadi ya chanjo, yuko wapi sasa hivi. Na swali ambalo wengi hulidharau: ilikuwaje hata akang'ata? Mbwa aliyekanyagwa mkia, au aliyenyang'anywa mfupa, ana sababu. Mbwa mgeni aliyetokea barabarani akamrukia mtu aliyesimama, kisha mbuzi, kisha tairi ya baiskeli, huyo ni habari nyingine kabisa. Lakini mwenye sababu naye anaweza kuwa mgonjwa, kwa hiyo eleza yaliyotokea na hukumu uwaachie wao.

Watu wa afya hupanga tukio kwa madaraja matatu. La kwanza ni kumgusa mnyama au kulambwa kwenye ngozi nzima: unaosha tu, hakuna sindano. La pili ni kutafunwa kidogo kwenye ngozi isiyofunikwa na nguo, au kuparurwa bila kutoka damu: unaosha na kuchanjwa. La tatu ni jino lililopenya ngozi, mparuzo uliotoa damu, mate yaliyogusa jeraha, jicho au mdomo, na pia kuguswa moja kwa moja na popo. Hapo unaosha, unachanjwa, na kuna dawa ya ziada iitwayo immunoglobulini.

Hiyo immunoglobulini huwachanganya watu, wakadhani ni chanjo ya pili. Chanjo huufundisha mwili utengeneze kingamwili zake wenyewe, na somo hilo huchukua siku 7 hadi 10 hivi. Immunoglobulini ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, na hudungwa ndani ya kidonda chenyewe na kukizunguka ili kuziba pengo la siku hizo. Ndiyo maana hutolewa siku ya kwanza, pamoja na chanjo. Ikikosekana siku hiyo inaweza kutolewa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo mwili umeshaanza kujitegemea. Ikiwa haipo kabisa, usirudi nyumbani kusubiri: chanjo ianze, na kuosha kule kwa dakika 15 ndiko kutakuwa kumekubebea mzigo mkubwa.

Kuhusu ratiba, usilinganishe kadi yako na ya jirani. Kuna utaratibu wa sindano moja ya msuli siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Kuna mwingine wa sindano ndogo mbili ndani ya ngozi, siku ya 0, 3 na 7. Zote ni njia sahihi. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, hata kama uling'atwa jana yake. Mtu mzima hudungwa juu ya mkono, mtoto mchanga pajani. Matakoni hapana, chanjo hii haishiki vizuri huko. Mjamzito anachanjwa, anayenyonyesha anachanjwa, kichanga anachanjwa. Zile sindano za tumboni ambazo wazee bado wanatishia nazo watoto zimeshapitwa na wakati. Ukiwa pale pale, uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Na uling'atwa muda mrefu uliopita ukanyamaza? Nenda leo. Maadamu dalili hazijaanza, hawatakufukuza.

Watoto nao wana lao. Kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15, na mtoto aliyekatazwa kucheza na mbwa wa jirani hatakuja kukuambia kwamba mbwa huyo amemng'ata. Usiulize huku umefura. Mwogeshe wewe mwenyewe jioni, tazama nyuma ya ndama za miguu, vidole, masikio, na chini ya nywele.

Kwa upande wangu

Sasa mbwa. Usimuue, kama anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu. Namtaka akiwa hai kwa siku 10, na sababu ni hii: mbwa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua, na akishaugua hufa upesi. Kwa hiyo mbwa ambaye siku ya 10 tangu ang'ate bado anakula, anabweka na kutikisa mkia, mate yake ya siku ile hayakuwa na virusi. Muuguzi akipata taarifa hiyo kutoka kwangu anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Ila hakuna anayesubiri siku 10 ndipo aanze kuchanjwa. Mtu anaanza, mbwa anatazamwa, mambo yote mawili yanakwenda sambamba.

Mfungie kwenye banda au chumba chenye mlango, si kwa kamba, maana kamba hutafunwa. Chakula na maji visukumwe ndani kwa fimbo ndefu, na kazi hiyo aifanye mtu mzima mmoja, yule yule kila siku, kwa sababu ndiye atakayegundua mabadiliko. Anachotakiwa kutazama ni hiki: je, anameza? Taya la chini limelegea? Sauti ya kubweka imekuwa ya kukwama? Anajikanyaga miguu ya nyuma? Anatafuna mbao, mawe, au mguu wake mwenyewe? Watu wanamtarajia mbwa wa vitisho, mwenye povu na macho mekundu. Yupo, lakini yupo pia wa kimya, anayejificha chini ya kitanda, mdomo wazi, mate yanadondoka, na watu wanamwonea huruma na kumfungua kinywa wakidhani amekwamwa na mfupa. Huyo wa kimya ndiye ninayemwogopa zaidi. Ukiona mojawapo ya hayo, usiingie ndani, nipigie.

Katika siku hizo 10 usinisihi nimchanje mbwa. Haimsaidii aliyeng'atwa, na mbwa akipata homa ndogo ya chanjo nitashindwa kujua ninatazama nini. Na kama ana kadi yenye chanjo zote, bado anatazamwa. Kadi inapunguza wasiwasi, haiufuti.

Amekwisha kufa au kuuawa? Basi kichwa chake ni mali, kwa sababu kipimo hufanyika kwenye ubongo. Asipigwe kichwani wala asichomwe moto. Usimkate wewe, vaa glavu, mweke kwenye mfuko wa plastiki juu ya mfuko mwingine, barafu pembeni, kivulini, kisha mwite daktari wa mifugo. Joto likiuozesha ubongo, maabara haina la kusema. Ametoroka na haonekani? Anahesabiwa kuwa mgonjwa, na aliyeng'atwa anamaliza sindano zote.

Kanuni ya siku 10 inamhusu mbwa na paka tu. Mbweha, nguchiro, nyani au popo akimuuma mtu, hakuna cha kutazamwa, ni matibabu kamili. Ng'ombe, mbuzi na punda nao huambukizwa. Mfugaji anamwona ng'ombe anatokwa na mate, analia kwa sauti nzito isiyokoma, hamezi, na jambo la kwanza analofanya ni kumtia mkono kooni atoe kilichokwama. Acha mkono wako nje. Kama uliingia, osha hadi kwenye kiwiko na uende kuchanjwa, hata kama hukuumwa, kwa maana mikono ya mfugaji haikosi michubuko.

Sisi wenye kazi hizi, madaktari wa mifugo, wauguzi wao, wakamata mbwa, watu wa maabara, tunachanjwa kabla: sindano siku ya 0 na ya 7. Tukija kung'atwa baadaye tunaongezewa mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila immunoglobulini. Kama unamsaidia jirani kushika wanyama kila mara, uliza nawe.

Ushirikiano huu wa madaktari wa aina mbili si jambo jipya. Pierre-Victor Galtier, daktari wa wanyama wa Lyon, Ufaransa, ndiye aliyeonyesha mwaka 1879 kwamba kichaa kinaweza kuhamishiwa kwa sungura, na kazi ya Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo ya kichaa, ilipita humo humo kwa sungura. Tarehe 6 Julai 1885, Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa, alipoletwa kwa Pasteur, mbwa mwenyewe alikuwa ameshapasuliwa na tumboni mwake kukutwa majani makavu na vipande vya mti, ishara ya mbwa mwenye kichaa. Na kwa kuwa Pasteur alikuwa mkemia asiye na ruhusa ya kutibu watu, aliyeshika sindano ni tabibu Jacques-Joseph Grancher. Mvulana alipona. Mimi hupenda kuwakumbusha wenzangu wa hospitali kwamba hata siku ile tumbo la mbwa lilikuwa na la kusema.

Kwa hiyo muuguzi akikuandikia kadi, mwombe aandike nyuma namba ya simu ya chumba cha sindano, na mimi nitaandika yangu kando yake. Siku ya 10 ikipita na mbwa ni mzima, nitakuja kumtazama, nitampigia muuguzi nikiwa hapo hapo bandani, kisha mbwa atachanjwa kabla hajafunguliwa. Watoto wake, kama anao, wasubiri wafikishe miezi mitatu, halafu warudiwe mwaka unaofuata.