Somo: Kumkinga mzee na "fundi" wa simu asiyeitwa

Wazee wetu hapa Mombasa wamelelewa kwa adabu: mtu akikuamkia, humkatii simu. Tapeli analijua hilo. Huanza na shikamoo, ajitambulishe kuwa ni wa kampuni ya simu au fundi wa kompyuta, kisha aseme laini inafungwa leo au kuna virusi.

Kwanza, mpe mzee ruhusa ya kukata. Mfundishe kusema, "Ngoja nimuulize mwanangu," halafu akate. Fanyeni mazoezi: wewe uwe tapeli, umwamkie vizuri, umharakishe, umtishe kidogo. Rudieni mpaka mkono wake ukate bila kusitasita. Mkikosa nafasi ya mengine, hili msiliache.

Pili, andika kwa herufi kubwa, ubandike pale anapochajia simu: Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 tu. PIN ya M-PESA haambiwi mtu.

Tatu, piga *100*100# kwa simu yake. Laini yake haitahamishiwa tena kadi nyingine ya simu kwa wakala, tapeli asije akaiteka. Itabidi mwenyewe aende duka la Safaricom na kitambulisho.

Nne, pitia programu. Ukikuta AnyDesk au TeamViewer na hakuna wa nyumbani aliyeiweka, ifute. Ni programu halali, lakini humwezesha mtu aliye mbali kuona skrini na hata kuibonyeza.

Ujumbe wa tapeli utume 333, ni bure.

MASWALI

Bibi yangu wa Majengo ametokewa na onyo jekundu kwenye laptopu, linapiga kelele, lina nambari ya simu.

Msipige. Maonyo ya kweli ya Microsoft hayana nambari ya simu. Funga kivinjari; kikigoma, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ikiwaka, usikubali kurudishiwa kurasa za awali.

Baba ameshatuma pesa, na alitaka kutuficha.

Msimgombeze, ndugu yangu. Akigombezwa leo, kesho hatasema. Sasa hivi utume ule ujumbe wa M-PESA uliothibitisha malipo kwa 456. Pesa ikiwa haijatolewa, huenda ikarudi. Ikiwa alimruhusu mtu kuingia kwenye simu, zima data kwanza, na nywila za benki mzibadilishe kwa simu nyingine. Kisha nendeni kituo cha polisi mkaandikishe, mpewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Mamangu haoni vizuri, karatasi haitamfaa.

Mwekee mlio maalumu kwa nambari za wanawe na jirani mmoja anayemwamini. Mlio mwingine wowote auache ulie. Mwenye haja naye atapitia kwako.