Mkono wa upande wa pesimeka ukivimba, usiuchue

Baba mkubwa anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, ana pesimeka, kile kifaa cha betri kinachowekwa kifuani kusaidia moyo upige sawasawa, siku moja saa ikaanza kumbana mkono wa kushoto. Shangazi akasema ni magunia hayo, akaleta mafuta akaanza kumchua. We usichue. Mvue shati kwanza uangalie, kwake mishipa ilikuwa imechomoza begani mpaka kifuani, upande uleule wa betri, kama mizizi ya mti.

Zile nyaya za pesimeka zinapita ndani ya mshipa wa damu chini ya mtulinga kwenda moyoni, sasa zikikaa zinasugua, mshipa unaota kovu ndani, njia inakuwa nyembamba, saa nyingine na damu inaganda humohumo. Wengi wanabanwa bila kujua kwa sababu damu inajitafutia vichochoro, na kama hakuna dalili mara nyingi wanaacha tu.

Uso na shingo vikivimba, hasa akiinama au akilala, au pumzi inabana, ni hospitali siku hiyohiyo. Na mkono nao usiungoje wiki, nenda hospitali kubwa kama Bugando na kadi ya pesimeka. Wataanza na ultrasaundi, ila nyuma ya mfupa haioni vizuri, ndo maana wanaweza kumchoma dawa ya rangi mkononi wapige picha inavyopita. Kama ana figo mbovu sema kabla.

Ikiwa damu imeganda anapewa dawa za kuifanya nyepesi, mkono unainuliwa juu ya mto, kuna wanaopona kwa hayo tu. Ikigoma wanapitisha puto mshipani wanalijaza kupanua. Puto peke yake mara nyingi mshipa unabana tena, kwa hiyo utasikia habari ya stenti, kibomba cha wavu kinachoachwa ndani kushikilia mshipa uwe wazi, na hapo ndo usikubali haraka, uliza: nyaya zinatolewa kwanza? Maana stenti ikiwekwa juu yake inazibana ukutani, siku nyaya zikipata maambukizi kuzichomoa ni kazi kwelikweli. Kutoa nyaya za zamani nako si mchezo, mshipa unaweza kuchanika, uliza kama daktari wa upasuaji wa moyo atakuwepo jirani.

Dripu na presha viende mkono mwingine. Mwambie nesi mapema, baba mkubwa mwenyewe kila kliniki anajisahau ananyoosha wa kushoto.