Kutia chumvi kwa Kiingereza: namna ya kuchagua neno

Mtu akikuza mambo, Kiswahili humaliza kazi kwa msemo mmoja: ametia chumvi. Awe ameongeza idadi ya watu, amepamba hadithi au amesifia bidhaa kupita kiasi, chumvi ni ileile. Kiingereza hugawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa. Katika kutafsiri na kuhariri, kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kuchukua neno la kwanza la kwenye kamusi na kulipachika kila mahali. Mimi hufuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jiulize ni nini kilichotiwa chumvi

Kama ni idadi, gharama au takwimu, tumia "inflate": "They inflated the figures." Ni kitenzi kilekile cha kujaza tairi upepo, na mara nyingi kinadokeza kwamba mtu alikusudia. Kama ni hadithi iliyoongezwa madoido, tumia "embellish", neno lenye asili ya Kifaransa cha kale na maana ya kurembesha. Kisa chenyewe huenda ni cha kweli. Mapambo ndiyo ya kubuni. Kama ni hoja, hatari, umuhimu au faida ya jambo, "overstate" ndiyo yenyewe. Ukibaki njia panda, "exaggerate" haitakuangusha.

Niliwahi kuchemsha hapa. Taarifa ya Kiswahili ilisema msemaji ametia chumvi idadi ya waliohudhuria mkutano, nami nikaandika "embellished the number". Mhariri akanirudishia na alama kubwa ya kuuliza pembeni. Alikuwa na haki. Idadi haipambwi, hujazwa upepo.

Hatua ya 2: Tazama kama kitenzi kinadai yambwa (kitu kinachotendwa)

"Exaggerate" husimama peke yake bila shida. "You're exaggerating!" ni sawa na "Unatia chumvi wewe!" Ila "You're overstating" inaning'inia hewani, msikilizaji anasubiri umalizie. Sema "You're overstating the risk."

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye adabu. "You're exaggerating" inamgusa mtu mwenyewe, na kikaoni inaweza kuchafua hewa. Wenye lugha yao wakitaka kupinga bila kuvunjiana heshima husema "I think that slightly overstates the case." Angalia walivyomwondoa mtu kwenye sentensi: kinacholaumiwa ni "that", yaani kauli, kisha "slightly" inapunguza makali. Ukiiga kitu kimoja tu kutoka kwenye mwongozo huu, iga hicho.

"Exaggerate" nayo hupenda kuandamana na "greatly", "wildly" na "grossly". Mwaka 1897 gazeti la New York Journal lilichapisha kauli ya mwandishi wa Marekani, Mark Twain, kuhusu uvumi kwamba amefariki: "The report of my death was an exaggeration." Leo watu huikariri kwa "greatly exaggerated". Hata sentensi ya kukanusha chumvi haikunusurika kutiwa chumvi!

Hatua ya 3: Iache "hyperbole" ibaki tamathali

Hii ni chuku, ileile ya kwenye vipindi vya fasihi. Neno ni la Kigiriki na kiini chake ni kurusha kitu kikapita mpaka. Mtu akisema "This bag weighs a ton", hakuna anayetafuta mizani, kwa sababu msemaji na msikilizaji wote wanajua mkoba hauna uzito wa tani. Kwa hiyo ukiziita takwimu za kupikwa "hyperbole", umemsafisha aliyezipika. Hutamkwa kwa silabi nne, hai-PA-ba-li, mkazo ukiwa kwenye ya pili.

"Literally" ina kizungumkuti chake. Maana yake ni "kwa maana halisi ya neno", lakini kwenye mazungumzo hutumika kukoleza: "I literally died." Kamusi kubwa zimeshayaingiza matumizi hayo. Kwenye maandishi rasmi mimi huifuta bila kusita.

Hatua ya 4: Kwenye matangazo, pima ahadi

Kelele za kuinadi bidhaa ni "hype". Sifa tupu ambazo hakuna mwenye akili timamu angezichukua kama ahadi ni "puff" au "puffery", na wanasheria hulitumia neno hilo kwa makini. Katika kesi maarufu ya Uingereza, Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company, inayonukuliwa kuwa ya 1893, kampuni ilitangaza kumlipa pauni 100 yeyote atakayeugua mafua makali baada ya kutumia kifaa chake kama ilivyoelekezwa. Bi. Carlill akakitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikajitetea kwamba tangazo lilikuwa "mere puff". Mahakama ikakataa, kwa kuwa tangazo hilohilo lilijigamba kwamba pauni 1,000 zimewekwa benki kuthibitisha nia. Basi ukikuta kiasi cha fedha na masharti, usitafsiri kana kwamba ni majigambo tu.

Hatua ya 5: Kagua ukanushi na tahajia

"It is hard to overstate the importance of water" inamaanisha maji ni muhimu mno, hata uyasifie vipi hutazidisha. Wengine, hata waliozaliwa na lugha hiyo, huteleza wakaandika "hard to understate", na maana inageuka juu chini. Ukiipeleka kwenye Kiswahili, achana na ule ukanushi. Andika "maji ni muhimu mno" usonge mbele.

Na "exaggerate" ina g mbili na r moja. Kwa Kilatini ilikuwa kulundika, nami hukumbuka kwamba zilizolundikwa ni g.